Mita Sita za Ukingo wa Magharibi

Fundi ukitaka kumjua, usiulize amejenga nini. Uliza alichojenga kinavuja wapi. Wengi watageuza maneno, watalaumu mchanga, watamlaumu mwenye nyumba aliyebana saruji. Huyu ninayemsimulia alikuwa akijibu. "Mapaa ya mtaa wa juu yanavuja kwenye kona," angesema, "na ya mtaa wa chini yanavuja popote yanapotaka." Kisha angecheka kabla hujawahi kumcheka wewe.

Watu walimwita Sahani. Jina hilo alilipata ujanani, miaka ile ambayo kila aliyepata vijisenti alitaka nyumba yenye paa la zege, bapa kama sahani. Bati lilikuwa la watu wa kale. Zege bapa ndiyo maendeleo, unaanika nguo juu, unapunga upepo juu, na ukijaliwa unapandisha ghorofa nyingine. Katika kumwaga mapaa hayo Sahani hakuwa na mpinzani. Alisawazisha zege kwa ubao mrefu, amepiga magoti, anarudi kinyumenyume, mpaka ungeweka gololi katikati ya paa isibingirike upande wowote. Watu walistaajabu. Hakuna aliyekaa akawaza kwamba ikiwa gololi haiendi kokote, maji nayo hayatakwenda.

Basi maji yakakaa. Yakakaa mwaka wa kwanza, yakakaa wa pili, yakatafuta njia, na maji yakitafuta njia hayakosi. Nondo zikashika kutu ndani kwa ndani, zikavimba, zikasukuma zege, na vipande vya dari vikaanza kudondoka kwenye meza za watu. Wenye nyumba walipaka lami. Mwaka uliofuata wakapaka lami juu ya lami. Mapaa yakaelemewa kwa uzito na bado yakavuja. Mama mmoja mfuga bata alimwambia Sahani mbele za watu, "Fundi, bata wangu wanauliza bwawa lako linajaa lini, wahamie." Sahani akamjibu kwamba wakaribie sana, ila kodi walipe mapema. Wakati huo bado alikuwa na majibu.

Aliyekuja kuyatibu mapaa hayo alikuwa binti yake mwenyewe, mtoto wake wa pekee, ambaye mafundi walimwita Injinia hata akiwa hayupo. Dawa yenyewe ni rahisi kuieleza. Slabu ya zamani, yaani lile paa la zege lenyewe, haivunjwi, kwa sababu watu wanaishi chini yake. Haiongezewi mzigo, kwa sababu imeshachoka. Juu yake zinasimamishwa fremu za chuma chepesi, vyuma vya bati gumu lililokunjwa, ambavyo mtu mmoja anabeba kimoja begani huku anaongea na simu. Fremu zinakanyaga juu ya kuta, hazikanyagi katikati ya slabu. Zinafungwa kwa skrubu na bolti, hakuna kuchomelea. Kisha zinakuja kenchi za kubebea bati, kisha mabati yenye mwinamo mzuri, na mvua inateremka kwenye mfereji badala ya kuitisha kikao.

Ugumu uko mahali pamoja. Paa zito likikosewa linaanguka. Paa jepesi likikosewa linaondoka. Upepo ukiingia chini yake unalinyanyua, na kinachobaki kulizuia ni zile bolti zilizozama kwenye mkanda, yaani boriti ya zege yenye nondo nne inayozunguka kichwa cha kuta zote. Bolti zikishika mkanda, paa limeshika. Mkanda ukiwa mbovu, umelifunga paa lako kwenye hewa.

Mzee Sahani, na miaka yake sitini na miwili, alifanya kazi chini ya binti yake, akiyavisha kofia mapaa aliyoyaacha mwenyewe kichwa wazi. Wenzake walidhani inamuuma. Haikumuuma. Hakuna kilichomuuma tangu mkewe afariki, mwaka mmoja na miezi mitano nyuma.

Msibani hakulia. Watu wakamsifu, wakasema mzee yule ana moyo wa chuma, ameupokea msiba kiume. Alitaka kuwauliza ni moyo upi wanaousema, lakini ilikuwa kazi kufungua mdomo. Alikula alichowekewa. Siku moja binti yake alisahau chumvi kwenye mboga, akaonja mwenyewe, akakunja uso, akageuka kumwomba radhi, na kumbe baba alikuwa ameshamaliza sahani na kusema chakula ni kizuri. Siku nyingine alijipiga nyundo kwenye dole gumba. Akalitazama likiwa jeusi, akawaza kwamba kucha hii itang'oka, na baada ya wiki tatu ilipong'oka akaitupa. Nyumbani alilala upande wake wa kitanda. Upande wa pili alikuwa akiweka nguo zilizofuliwa, na kwa kuwa hakuziingiza kabatini, zilijaa nusu ile yote, naye alizoea kulala zikiwa mgongoni.

Ndipo ikaja kazi ya jengo la ghorofa tatu.

Lilikuwa jengo la familia kumi na mbili, lenye ngazi za nje na varanda nyembamba, na paa la zege ambalo kila mpangaji wa juu alikuwa na kisa chake nalo. Kwa Injinia hiyo ndiyo ilikuwa kazi kubwa kupita zote alizowahi kupata, na mwenye jengo alikuwa amemwambia wazi kuwa hili likisimama vizuri, yako mengine manne. Waliposogea na gari, Sahani alilitambua jengo kabla gari halijasimama.

"Baba, hili si lako?" binti akauliza huku akitabasamu.

"Langu."

"Ndilo lile?"

"Ndilo."

Hapo inabidi nieleze, maana kwenye familia yao neno "lile" lilitosha. Paa la jengo hilo lilimwagwa siku aliyozaliwa binti. Mama yake alimsimulia kisa hicho tangu hajajua kusoma: jinsi uchungu ulivyomshika mchana, jinsi jirani alivyokimbia kumwita baba kwenye saiti, na jinsi baba alivyobaki juu. Zege likishaanza kumwagwa halisimamishwi; ukiacha katikati, lililomwagwa leo halishikani na la kesho. Kwa hiyo baba alimalizia paa la watu, na kumwona mtoto wake akaja kesho yake asubuhi, zege limemkaukia mpaka kiunoni. "Nikamsamehe," mama alikuwa akimalizia hivyo kila mara. "Mtu asiyeacha paa la watu nusu, hata wewe hatakuacha nusu." Binti alikua na hadithi hiyo ndani ya kichwa chake. Alipoulizwa kwenye usaili wa chuo kwa nini anataka ujenzi, aliisimulia hiyohiyo, na ikampitisha.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Jirani alipofika, zilikuwa zimebaki mita sita za mkanda, upande wa magharibi, kuanzia tundu la pili la maji mpaka kwenye kona. Saruji ilikuwa imebaki mifuko miwili na gari la kuleta nyingine halijulikani liko wapi. Nondo za mita hizo sita zilikuwa bado zimeegemea ukuta, hazijafungwa. Sahani aliziangalia, akaangalia njia. Akawaambia vibarua wajaze mawe, kokoto na mchanga, wachanganye na saruji hiyo iliyopo ienee, wapige plasta juu kwa mwiko, ionekane sawa. Yeye akashuka ngazi. Saa kumi jioni paa lote lilikuwa linang'aa kwa ubichi, na hata mkaguzi angepita asingejua. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yenyewe ilikuwa imeshuka ngazi.

Kwa hiyo tangu siku ya kwanza alijua hali ilivyo. Akisema, binti yake anapoteza ile hadithi. Asiposema, anapoteza paa. Mtu mwingine angekosa usingizi kwa jambo hilo. Sahani alilala vizuri tu, nguo zikiwa mgongoni mwake, na hilo ndilo lililomshangaza kidogo alipoamka. Alijiambia atamwambia kesho. Fundi na kesho ni ndugu wa toka nitoke, na kila mtu aliyewahi kushonewa suti au kutengenezewa kitanda anajua.

Siku ya pili wakakwangua lami. Ilikuwa tabaka saba, unazihesabu kwenye kipande kilichokatwa. Siku ya nne chuma kikapandishwa kwa kamba, fungu moja baada ya jingine, na Mrefu, fundi wa bolti, ambaye hakuhitaji ngazi kwa mambo mengi, akayapokea juu na kuyapanga kwa namba. Sahani alifanya kazi yake sawasawa. Alipima, alikata, alishika pimamaji kwa mkono usiotetemeka. Kila jioni binti yake alimwuliza, "Baba, paa unalionaje?" Naye alijibu, "Linakwenda."

Chumba kilichokuwa chini ya zile mita sita kilikuwa cha mshonaji, mwanamke wa umri wa kati aliyeishi peke yake na cherehani mbili. Huyo alikuwa amekaa na uvujaji miaka tisa, na alikuwa ameutia adabu. Juu ya kitanda alitandaza nailoni kubwa iliyofungwa kwenye misumari minne, yenye mteremko kuelekea ndoo. Kwenye sakafu alipiga alama za rangi mahali pa kuweka kila beseni. "Wewe ndiye Sahani mwenyewe?" alimwuliza siku walipokutana ngazini. "Shikamoo, mzee. Nilikuwa nakutafuta. Nina miaka tisa nakutafuta."

"Marahaba. Umenipata."

"Nilipanga nikikupata nikumwagie ndoo moja, ili tulingane. Lakini nakuona umechoka." Akamtazama zaidi. "Unaumwa?"

"Hapana, siumwi."

"Basi ungeumwa ingekuwa nafuu," mshonaji akasema, akampita na kitambaa chake begani.

Siku ya kumi fremu zote zilikuwa zimesimama, zimeshikizwa kwa muda kwa vibano. Zilizobaki ni bolti, na kabla ya bolti zote ni jaribio. Injinia alikuwa na utaratibu ambao hakuuruka kwa mtu yeyote. Kwa kila upande wa paa panachaguliwa mahali patatu. Linatobolewa tundu, bolti inazamishwa, inafungiwa mashine ndogo ya kuvuta yenye mshale, na mshale lazima ufike kwenye namba yake bila bolti kujongea. Zikishika hizo, mnafunga zilizobaki. Asubuhi ya siku ya kumi na moja alimpa baba yake chaki.

"Chagua wewe," akasema. "Wewe ndiye unayelijua. Patatu kila upande."

Sahani akaichukua. Alipita mashariki, akapiga alama tatu. Akapita kaskazini, kusini, alama tatu tatu, zote mahali anapojua nondo zimelala vizuri kama alivyozilaza. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni, naye ukingo wake ulikuwa umebaki mmoja. Ulikuwa na urefu wa mita ishirini na mbili. Kumi na sita zilikuwa nzuri. Angeweza kupiga alama zake tatu katika hizo kumi na sita, akanawa mikono, na hakuna chombo duniani ambacho kingemuumbua siku ile.

Alikuwa amesimama hapo na chaki mkononi mshonaji alipotokea kwenye varanda ya chini, akatazama juu. Alikuwa amebeba nailoni yake, ameikunja mara nyingi mpaka ikawa fungu dogo.

"Mzee Sahani! Nimeitoa!" akapaza sauti. "Binti yako kaniambia jana paa linafungwa, nitoe, nisogeze na kitanda ukutani. Nimelala usiku mzima naangalia dari kama mgeni!"

Tusimpambe mzee wa watu. Hakuona huruma, wala dhamiri haikumchoma, kwa sababu hakuna kitu kilichokuwa kikimchoma. Aliona kitanda tu. Alikiona kilivyokaa, kimesukumwa kwenye ukuta wa magharibi, na juu yake slabu iliyochoka, na juu ya slabu fremu iliyofungwa kwenye mawe na mchanga, na siku moja upepo. Fremu ikinyanyuka itashuka tena mahali fulani. Hiyo ni hesabu ya kazi, na hesabu ya kazi ilikuwa bado inafanya kazi ndani yake. Akainama, akapiga alama tatu, zote ndani ya mita sita.

Walianza mashariki. Mshale ukapanda, bolti ikatulia. Kaskazini ikatulia. Kusini ikatulia, na Mrefu akaanza kupiga mluzi. Magharibi, drili ilipoingia, mluzi ukakatika. Fundi anajua zege kwa sauti, na hii haikuwa sauti ya zege; drili ilizama haraka mno, na vumbi lililotoka lilikuwa jekundu la mchanga. Wakazamisha bolti, wakafunga mashine. Mshale haukufika hata robo. Bolti ikatoka nzima, taratibu, pamoja na kokoto mbili.

"Tundu la pili," Injinia akasema.

La pili likatoka. La tatu Mrefu alilivuta kwa mkono.

"Hili si zege, Injinia," akasema. "Huu ni uji uliokauka. Aliyemwaga hapa alikuwa na haraka ya kwenda wapi?" Halafu akakumbuka aliyemwaga, akatazama viatu vyake.

Injinia akawaambia mafundi washuke wakanywe chai. Walishuka upesi kuliko walivyowahi kushuka. Walipobaki wawili, alikaa juu ya fungu la chuma, kofia yake ya kazi mapajani, na bolti ile ya kwanza mkononi.

"Baba. Kwa nini ulichagua hapa?"

"Kwa sababu hapashiki."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipomwaga."

Binti aliizungusha ile bolti mkononi. Chini, cherehani ilianza kulia, ikaacha, ikaanza tena.

"Siku kumi na moja tuko juu hapa," akasema hatimaye. Sauti yake haikupanda, na ingekuwa afadhali ipande. "Siku kumi na moja unanishikia pimamaji. Nimetia sahihi michoro. Nimemwambia yule mama asogeze kitanda. Nilikuuliza kila jioni, Baba. Kila jioni. Ungeniacha nifunge?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui, mwanangu. Nilikuwa nasema kesho. Kesho ikifika nasema kesho. Sikuogopa, usifikiri niliogopa. Ningeogopa ningesema mapema." Akatafuta maneno. "Tangu mama yako aondoke sisikii kitu. Unanielewa? Najua hili ni baya, kama ninavyojua leo ni siku gani. Lakini sisikii."

Binti alimtazama. Alikuwa akimpikia mtu huyu kila siku, na hakuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mara moja.

"Mama alisema ulimaliza," akasema. "Maisha yangu yote amesema ulibaki ukamaliza."

"Sikumaliza. Jirani aliponiita niliwaambia wajaze mawe, nikashuka. Nondo sikufunga. Zilibaki zimeegemea pale." Akaonyesha, kana kwamba bado zipo. "Nilikimbia. Saa kumi kasoro nilikuwa getini hospitali."

"Ulikuja kesho yake. Mama alisema asubuhi."

"Nilifika jioni ileile. Mlinzi akanitazama nilivyo, miguu mitupu, zege mpaka hapa. Akasema, 'Hii ni wodi ya wazazi, mzee, siyo saiti. Nenda ukaoge, urudi kesho saa za kuona wagonjwa.' Nikamwomba. Akafunga."

"Ukaenda kuoga?"

"Sikwenda. Niliona nikienda naweza nisikuwahi wakikutoa. Nilikaa nje ya ukuta, upande wa wodi. Kulikuwa na dirisha juu. Kila mtoto aliyelia nilidhani ni wewe. Walilia wengi." Akakuna kiganja. "Asubuhi walipofungua nikaingia na watu wengine."

Binti alikuwa ameacha kuizungusha ile bolti.

"Na Mama hukumwambia."

"Niliingia nikamkuta ana wageni. Bosi wangu alikuwa amesimama pale na mfuko wa machungwa. Mama yako akaniona na zege lile, akasema, 'Mnamwona? Ametoka kumalizia paa.' Bosi akanipiga bega, akasema fundi kama huyu hapatikani. Ningesemaje? Nikisema nilikuwa nje ya ukuta, nimesema paa nimeliacha. Nikanyamaza."

"Sawa. Na bosi alipoondoka?"

Sahani akainamia viganja vyake.

"Miaka thelathini na tatu, Baba. Yale machungwa yaliisha."

"Mama yako alishaipenda ile hadithi," akasema Sahani. "Aliisimulia vizuri. Kila mwaka ilikuwa ngumu zaidi kuivunja. Nikasema kesho."

Injinia akasimama, akaenda kwenye ukingo, akautazama ule mkanda mbovu mwanzo hadi mwisho kama anavyotazama kazi. Akatoa tepu, akapima, ingawa kipimo alikuwa ameshaambiwa. Alizungumza akiwa amempa mgongo. Wataondoa fremu nne za upande huo. Watavunja mita zote sita mpaka kwenye tofali, watafunga nondo, watamwaga upya na kungoja zege likomae, mvua zije zisije. Mwenye jengo ataambiwa leo, na ataambiwa ukweli. Yule mama atarudisha nailoni yake, na atakayekwenda kumwambia ni Baba, kwa mdomo wake.

"Nitakwenda," akasema Sahani.

"Nina hasira na wewe. Nitakuwa nayo siku nyingi."

"Sawa."

"Usiseme sawa." Akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini alikuwa hajalia. "Unajua Mama aliniambia nini wiki ya mwisho? Nilimwambia kuna mtu anataka kuja nyumbani kujitambulisha. Fundi wa umeme. Nilidhani atafurahi. Akanishika mkono, akasema, 'Asiwe fundi, mwanangu. Fundi ni mtu mwema, sina ubaya naye. Lakini siku utakayomhitaji, atakuwa juu.'"

Sahani alilisikia neno hilo. Hakulisikia kama alivyokuwa akisikia mambo mwaka mzima, kwa mbali, kupitia ukuta. Lilimfika. Aliyewahi kuukalia mguu mpaka ukafa ganzi anajua kwamba ganzi haitoki kwa upole. Ikianza kutoka unatamani ingebaki. Alishika fremu iliyokuwa karibu naye. Miaka thelathini na zaidi mkewe alikuwa akisimulia kisa kile kwa kicheko, mbele za watu, na kila alipokisimulia alikuwa anasema aliachwa peke yake, na yeye alikaa palepale na kikombe chake cha chai akamwachia aamini hivyo. Alikufa anaamini hivyo. Ilimuuma kifuani, mahali hasa, na akafurahi kwa nusu dakika kwamba inauma, kisha hakufurahi tena.

"Sikuwa juu," akasema. Sauti ilitoka mbovu, akaisafisha. "Nilikuwa chini, mwanangu. Nilikuwa pale chini, nje ya ukuta, usiku kucha."

Binti akamsogelea, hakumgusa, akasimama tu karibu yake. Sahani alikuwa anatazama ule ukingo uliopasuka, machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu, na hakuyafuta.

"Nilikuwa chini pale," akasema tena, na mara hiyo hakuwa akimwambia binti yake.